Kichefuchefu kila asubuhi kwa binti wa miaka 14, vipimo safi

Matroni, Newala
Habari za leo wadau. Binti wa kidato cha pili ana kichefuchefu karibu kila asubuhi, mwezi wa tatu sasa. Hatapiki. Malaria hana, choo na mkojo safi, mimba hana. Anazidiwa akisimama mstarini, na walimu wanasema anatega. Tuanzie wapi?

Tabibu, Masasi
Pole dada. Hategi. Kichefuchefu cha mara mbili au zaidi kwa wiki, kwa miezi miwili, kisichofuata chakula wala kuwa na chanzo kinachoonekana, ni ugonjwa unaotambulika. Umo katika vigezo vya Rome IV, mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya tumbo.

Hilo la mstarini lifuatilieni. Asubuhi kabla ya chai, alale chali dakika 10, hesabuni mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Asimame bila kuegemea kitu, mhesabu tena dakika ya 1, 3, 5 na 10. Yakipanda kwa 40 au zaidi na kubaki huko huku presha haishuki, damu inatuama miguuni na moyo unahangaika kuipandisha. Kichefuchefu huandamana na hali hiyo. Msimpime akiwa ametoka kufagia uwanja, majibu yatadanganya. Na wingi wa damu upimwe kwanza, maana upungufu nao hupandisha mapigo.

Mapigo yakipanda hivyo: maji lita 2 hadi 3 kwa siku, nusu lita akiwa bado kitandani. Aketi kidogo ndipo asimame. Uji kidogo kidogo, asikae na njaa.

Afisa lishe, Tandahimba
Mwulizeni kuhusu ugali wa makopa (mhogo mkavu). Mhogo mchungu usioandaliwa vizuri hubaki na sumu ya sayanidi. Kichefuchefu, kizunguzungu na kichwa huja saa chache baada ya kula. Unga ulowanishwe, utandazwe unene usiozidi sentimita 1, saa 2 juani au 5 kivulini, upikwe siku hiyohiyo.

Mfamasia, Lindi
Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kichefuchefu, isigeuzwe ya kila siku: mwisho siku 5, na kwa vijana huweza kukakamaza shingo na taya. Angalieni pia diklofenaki za maumivu ya hedhi na vidonge vya madini chuma tumboni kutupu.

Kichwa kikimwamsha usiku, akianza kutapika alfajiri, kuona viwili au kukonda, apelekwe hospitali ya Ndanda au Ligula siku hiyohiyo.

Matroni, Newala
Asanteni sana. Na chumvi, aongeze?

Tabibu, Masasi
Presha na figo zikiwa sawa, nusu kijiko cha chai kwa siku, kwenye chakula. Si kwenye maji, itamtapisha.