Mafundi acheni kubahatisha! Mnatubadilishia nusu ya injini kumbe mpira tu unavuta upepo

Wakuu habari zenu. Leo nina hasira na nitaandika kirefu, mwenye haraka apite tu.

Hizi gari zetu za zamani, Corolla 110, AE100, Carina, RAV4 zile za kwanza, zikianza ule ugonjwa wa RPM (mizunguko ya injini) kupanda na kushuka yenyewe zikiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, kila gereji unayoingia hapa Dar jibu lipo hata boneti haijafunguliwa. Plagi hizo. Umebadilisha plagi bado, basi waya za plagi. Bado, pampu ya mafuta. Bado, nozo chafu tuzisafishe. Bado, oksijeni sensa imekufa. Na pesa zikishakuishia unaambiwa bosi hii injini imechoka, kuna injini safi ya Japani ipo mtaa wa Gerezani twende tukaishushe. Katika hao wote hakuna aliyeshika mpira hata mmoja wa vakyumu, ile inayovutwa hewa na injini, akaubinya aone kitatokea nini. Hakuna!

Yangu ni 110 ya 1997, injini 5A. Ikipata moto ukisimama foleni mshale unapanda mpaka kwenye 1800 unaanguka unapanda tena, vuuu vuuu vuuu, abiria wanakuangalia wewe kama vile unapiga resi kwa makusudi. Na hapo hapo inakunywa mafuta, harufu ya petroli mpaka ndani, ekzosi nyuma nyeusi tii. Nikaipeleka gereji moja kubwa tu, jina sitaji, wana geti na walinzi na fulana za kampuni, nikajua hapa nimefika kwa wanaojua kazi. Nimebadilishiwa kila kitu nilichotaja hapo juu kasoro injini. Kila kifaa nalipia spea na nalipia ufundi, gari inatoka vile vile, na ukiuliza mbona ugonjwa upo unaambiwa hiyo ilikuwa mbovu pia bosi, tulikuwa tunaondoa moja moja. Mnaondoa moja moja kwa hela ya nani? Na spea ya umeme ukishainunua duka halirudishi, mnalijua hilo vizuri.

Huku ni kumpa mtu dozi ya malaria bila kumpima, akizidiwa unabadilisha dozi.

Sasa nieleze kilichokuwepo maana najua wapo wengi humu wanateseka na kitu hiki hiki. Mzee mmoja fundi wa siku nyingi, hana hata banda, anafanyia kazi chini ya mwembe, aliwasha gari akainama nyuma ya injini upande wa faya woli (ukuta unaotenga injini na ndani ya gari) ambako ndiko menifoldi ilipo, ile inayogawa hewa kwenye silinda, akachukua plaizi kazifunga kitambaa ili zisikate mpira, akawa anabana mpira mmoja anasikiliza, anaachia, anabana mwingine. Alipobana ule wa PCV, unaorudisha moshi wa ndani ya injini kwenye menifoldi, injini ikatulia pale pale, nasema pale pale! Akauchomoa, umepasuka kwa chini, upande ambao ukiangalia kwa juu huoni kitu. Na ile raba ya PCV kwenye kava ya valvu imekauka imekuwa ngumu kama plastiki, ukiishika inavunjika. Halafu akakuta mpira mwembamba unaoenda kwenye MAP sensa sio wake, mtu alishawahi kuweka mpira mkubwa kuliko mdomo wa sensa, umekaa unaning'inia tu hata klipu hauna.

Kwa nini vitu viwili hivyo vilitosha kuitesa gari kiasi kile? 5A haina kifaa cha kupima hewa inayopita, kompyuta inakisia hewa kwa kupima presha ndani ya menifoldi kupitia hiyo MAP sensa. Mpira wa PCV ukipasuka hewa inaingia baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), presha ya menifoldi inapanda, kompyuta inaona hewa imeongezeka na yenyewe inaongeza mafuta, RPM inapanda. Lakini sensa ya throto inaiambia kompyuta kwamba dereva hajakanyaga mafuta. RPM iko juu na mguu haupo, kompyuta inaelewa gari inateremka mlima, inakata mafuta. RPM inaanguka. Ikifika chini inarudishiwa mafuta, inapanda, inakatiwa tena. Ndio ile vuuu vuuu. Plagi haihusiki wala pampu haihusiki!

Na ule mpira wa MAP ukivuta upepo, sensa inasoma presha inayokaribia ya nje, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta mpaka mwisho, inamwaga mafuta hata ukiwa umesimama. Ndio maana plagi mpya nazo zilikuwa nyeusi baada ya muda mfupi, na wale jamaa walivyoziona nyeusi wakasema nozo. Ilikuwa ni kufuata mpira mmoja tu mwembamba kwa mkono toka kwenye sensa mpaka kwenye menifoldi.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Katikati ya hayo majaribio yao kuna kijana wao alichukua bisibisi akazungusha ile skru inayozuia throto isifunge kabisa, ile imewekwa kiwandani na haitakiwi kuguswa. Ikatulia kweli, nikalipa nikaondoka na furaha. Sasa throto ikibaki wazi kidogo ile swichi ya sailensi ndani ya sensa haifungi, kompyuta haijui tena kwamba gari imesimama, kwa hiyo haikati mafuta, kwa hiyo haipandi na kushuka. Ugonjwa haujapona, umefichwa. Gari ikawa inakaa kwenye 1500 muda wote badala ya 700 au 800, ukiingiza D inagonga du! kama imegongwa kwa nyuma, breki inabidi ukandamize muda wote maana gari inataka kuondoka. Gia boksi ya automatiki ya mwaka 1997 mnaifanyia hivyo, ikifa nani atalipa?

Na jingine, acheni kupuliza petroli! Nimeona kwa macho yangu, chupa ya maji ya kunywa imetobolewa kizibo, imejazwa petroli, jamaa anarushia kwenye menifoldi injini inaunguruma, ekzosi imepata moto na waya za plagi za zamani zinapiga shoti. Eti anatafuta panapovuja. Njia ya kupuliza kitu ipo ndio, ukipuliza kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogo kidogo na RPM ikabadilika basi hapo ndipo, lakini hiyo nayo inawaka, unapuliza kidogo, mbali na ekzosi, na mtungi wa kuzimia moto uko karibu. Mzee wangu yeye alitumia maji kwenye kichupa cha spreyi kuzunguka gasketi ya menifoldi. Pakivuta, sauti inabadilika, na maji hayachomi gari ya mtu.

Zipo njia za kupima na sio za gharama. Geji ya vakyumu inachomekwa kwenye menifoldi, injini isiyo na ubovu ikiwa sailensi inasoma kama inchi 17 mpaka 22 na mshale umetulia. Hiyo ni kwa sisi wa Pwani, ukienda juu inapungua kama inchi moja kila mita 300, kwa hiyo mtu wa Arusha au Mbeya akisoma chini ya hapo asishtuke. Hidrovaki, ile inayokusaidia kukanyaga breki, nayo ina mpira mnene unaotoka menifoldi, wengi wanausahau. Zima gari, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, ikandamize hivyo hivyo halafu washa. Ikizama kidogo iko sawa, isipozama angalia mpira, valvu yake au hidrovaki yenyewe, na hapo tunaongelea uhai wa watu sio mafuta tu.

Hata kusoma kodi za ubovu kwenye gari kama yangu hakuhitaji mashine. Kuna kile kiboksi cha daiagnosi chini ya boneti, unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha, taa ya cheki injini inakonyeza namba. Wao walisema gari hii haipimiki ni ya zamani sana.

Wenye Vitz, IST na nyingine za baadaye zinazopimwa kwa mashine ya OBD2, mkiona kodi P0171 (hewa nyingi mafuta machache) msikimbilie oksijeni sensa. Nyingi kati ya hizo zinapima hewa inayoingia kwa sensa ya eya flo, mpira mkubwa baada ya eya klina ukipasuka hewa inaingia bila kupimwa. Mwambie fundi akuoneshe fyueli trimu, yaani kiasi cha mafuta kompyuta inachoongeza au kupunguza. Ikiwa juu sana kwenye sailensi halafu ukishikilia 2500 inarudi karibu na sifuri, inavuta upepo mahali. Ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, hapo sawa mzungumze pampu, filta au eya flo. Dakika chache tu hizo na anayetaka kukuuzia kitu hawezi kukuonesha.

Bei ya mipira yote aliyobadilisha mzee pamoja na klipu haifiki bei ya seti ya plagi nilizouziwa. Skru ya throto ameirudisha, gari imetulia, harufu imeisha.

Lakini gereji sijamalizana nao. Oksijeni sensa yangu ya zamani ilikuwa ya Japani, iliyofungwa haina hata jina, na ile ya zamani hawakunipa. Pampu vile vile. Nimepiga simu naambiwa vilitupwa. Nani anatupa oksijeni sensa orijino? Kifaa kikitoka kwenye gari yangu ni changu hata kama kimekufa, na nitakwenda na risiti zangu zote mpaka meneja atoke ofisini.

Naombeni mnisaidie mawili. Raba ya PCV ya 5A orijino inapatikana duka gani Kariakoo? Mzee amenichongea ya muda kwa mpira mwingine na kasema haitakaa sana. Na kwa Dar gereji gani ina mashine ya moshi ya kutafutia upepo na wanatoza shingapi, maana gasketi ya menifoldi nayo naihisi, asubuhi ikiwa ya baridi bado kuna kamluzi kanasikika kwa mbali mpaka ipate moto. Wekeni hapa hapa kwenye uzi, msinitumie PM, ili na wengine waone.