"Shemeji, hata modemu?!" Hawa wakusanya madeni watanitoa roho

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kudhalilishwa sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Wale jamaa mnawajua, sina haja ya kuwataja. Kila aliyewahi kuhama apatimenti hapa Marekani anawajua. Leo nimeenda kwa muuza magari hapa Columbus na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana wiki mbili tu tangu atoke Tanga. Njia nzima nampa somo: "Shemeji, huku kredi, yaani rekodi yako ya kulipa madeni, ndiyo jina lako." Muuzaji kabofyabofya, kakunja uso, kaigeuza skrini. Deni la dola 187. Modemu ya intaneti, eti sikuirudisha. Ya mwaka 2016!

Shemeji kainama, kasoma, kaniangalia kwa huruma: "Shemeji, hata modemu?"

HATA MODEMU.

Niliirudisha mwenyewe, theluji magotini! Risiti ninayo, ila wino umefutika, imebaki nyeupe kama sanda. Na deni likitimiza miaka 7 tangu uliposhindwa kulipa mara ya kwanza linatakiwa litoke kwenye ripoti ya kredi. Nimehesabu, limepitiliza. Kumbe limeuzwa, walionunua wameliandika limezaliwa 2024. Mwanangu wa darasa la pili ni mdogo kwa hilo deni, lakini kwenye makaratasi yao deni bado linanyonya!

Nikawapigia palepale. Dada sauti ya asali, ananiita jina la kwanza kama tumecheza rede pamoja. "Naona hapa ni la 2024." Nyuma yangu shemeji kasimama na lile jicho. Jicho la mtu atakayepiga simu Tanga usiku huu. Hata modemu!

Mzee wa Ovataimu: Rudisha modemu ya watu 😂😂

Binti Pangani: Tanga tumeshapata taarifa. Mama mkwe anauliza kama na rimoti umechukua.

Dereva wa I-70: Pole mkuu. Kubadili tarehe hivyo ni kosa kisheria. Vuta ripoti za kampuni zote tatu zinazotunza kredi, Equifax, Experian na TransUnion, ni bure. Andika barua ya kupinga, zitumie kampuni hizo kwa rejista, zina siku 30 za kuchunguza. Ambatisha ripoti ya zamani yenye tarehe ya kweli. La muhimu: USILIPE HATA SENTI. Majimbo mengi ukilipa kidogo tu, muda wa wao kukushtaki mahakamani unaanza upya.

Mleta uzi: Mkuu Dereva... nimelipa 25.

Dereva wa I-70: ???

Mleta uzi: Alisema ni za kuonyesha nia njema. Na shemeji alikuwa ananitazama!

Mzee wa Ovataimu: Jamani. Deni lilikuwa limekufa, kalifufua kwa dola 25. Mpeni kanisa huyu.

Binti Pangani: Nia njema 😭😭 Mimi nishalala.

Dereva wa I-70: Basi sikiliza, ile miaka 7 ya ripoti haianzi upya kwa kulipa. Pinga hivyohivyo. Na simu zao usipokee tena, kila kitu maandishi.

Kijiko cha Chai: Nyie mnalia na barua? Njooni Mbagala. Kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, mmoja kamkopesha jirani yangu laki 2, juzi kaja na wenzake watatu wamebeba kitanda mtu akiwa amelala. Kaamkia chini.

Mleta uzi: Pole, lakini tulikuwa kwenye modemu.

Msomaji Kimya: Afadhali kitanda. Mimi ile mikopo ya kwenye simu, elfu 40 tu, wamewatumia ujumbe watu wote kwenye simu yangu. Mpaka mchungaji. Mpaka fundi friji niliyempigia mara moja 2019! Fundi kaniambia "lipa dada, tuishi kwa amani."

Binti Pangani: Fundi ana hekima. Namba yake tafadhali, friji langu linavuja.

Kijiko cha Chai: Tuendelee na kitanda kwanza. Kilikuwa cha mninga.

Mzee wa Ovataimu: Mninga wa kweli au ule wa kupaka rangi?

Mleta uzi: Wakuu, shemeji kashapiga simu.

Kijiko cha Chai: Wa kweli kabisa. Futi tano kwa sita.