Kutoa vitu nyumba ya marehemu mzee Temeke: 850,000 ni bei au napigwa?

Mtoto wa Fundi
Wakuu habari zenu. Mzee wetu alitangulia mbele za haki mwezi wa nne, kaacha nyumba ya Kiswahili Temeke, vyumba sita na uwani. Ndugu wote tumekubaliana ipangishwe, kodi imsaidie mama ambaye sasa yuko kwa dada Morogoro. Shida ni vitu. Mzee alikuwa fundi friji zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kutupa kitu. Nimehesabu friji mbovu kumi na moja, feni sijui ngapi, makochi yaliyoliwa na panya, magunia ya nguo. Chumba cha mwisho sijaingia, mlango unafunguka nusu.

Kuna jamaa kaja kuangalia, dakika tano tu, akasema 850,000 anatoa kila kitu. Mimi nina laki nne. Nisaidieni.

Kirikuu Mbagala
Pole sana mkuu. Naendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kwa hiyo nakwambia upande wa gari tu. Bei ya jumla ya dakika tano maana yake hajahesabu, kakisia halafu kajiwekea akiba. Gari unalipa kwa tripu, siyo kwa nyumba. Mimi Temeke mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi nachukua 70,000, na kwa foleni ile tripu mbili kwa siku ni bahati. Tafuta Kenta, lori dogo. Hata ikikugharimu 150,000 inameza mzigo wa kirikuu nne.

Muulize na malipo ya pale dampo yako kwa nani, maana ugomvi huanzia hapo, mzigo ukiwa tayari juu ya gari. Akikwambia "pa kumwaga napajua", mkimbie. Atamwaga bondeni usiku, mjumbe aokote daftari lenye jina la mzee, kesi inarudi kwenu.

Mama Nuru
Mwanangu usimlipe mtu akubebee friji! Kompresa ina shaba ndani, mabomba ya nyuma nayo ni pesa, na kompresa inayowaka bado mafundi wenzake mzee wanainunua nzima. Huyo wa 850,000 anataka kulipwa na wewe, kisha alipwe na wa chuma chakavu. Nyumba ya mjomba nilimlipa kijana atoe "takataka", wiki haijaisha nikaikuta cherehani ya shangazi barabarani, imepakwa mafuta inang'aa, inauzwa.

Gesi Imeisha
Naongezea kwa Mama Nuru. Vijana wa chuma wasikate mabomba hapo uwani. Friji za zamani nyingi zina R12, ile gesi inayoharibu tabaka la ozoni, na mafuta ya kompresa yakimwagika sakafuni hayatoki. Mwite fundi aivute kwanza.

Kalamu Nyekundu
Mnaongelea gari tu. Msimamizi wa mirathi mmeshateua Mahakama ya Mwanzo? Kukubaliana kwa mdomo hakutoshi. Akiteuliwa ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Uza leo bila kuandika, uone mdogo wenu atakavyoulizia hizo kompresa.

Halafu kuna swali sijaona mtu kauliza. Hizo friji kumi na moja ni za mzee au za wateja?

Mtoto wa Fundi
Duh. Hilo sikuliwaza kabisa. Msimamizi ni kaka, barua anayo. Narudi.

Mtoto wa Fundi
Wakuu nimerudi, wiki tatu sasa. Chumba cha mwisho kilikuwa na daftari la wateja. Friji nne siyo zetu! Tumepiga namba zote, wawili wakapokea, mmoja akasema tuuze tu.

Hesabu iko hivi. Vibarua wawili siku mbili 80,000, Kenta 150,000, dampo 15,000, dawa ya kunguni 60,000 (makochi yale, msiulize). Jumla 305,000. Friji na feni za mzee zimeuzwa 190,000, kaka kaandika zote. Kwa hiyo mfukoni imetoka 115,000. Na Luku, mita ya umeme, ilinishangaza: tangu msiba hakuna aliyenunua umeme, nikaweka elfu kumi, 7,500 ikakatwa kodi ya jengo ya miezi mitano.

Kati ya zile nne za wateja, moja mwenyewe kaifuata. Mwenyewe ni mama mmoja wa Tandika, kaja na karatasi yake ya mwaka 2009. Mwandiko ni wa mzee kabisa: "Gesi. Njoo Jumatatu."

Mama Nuru
Jumatatu ya fundi! Mtengenezee huyo mama.

Mtoto wa Fundi
Gesi Imeisha, uko wapi? Njoo Temeke Jumatatu.