Mjadala: Zawadi za sikukuu kwa watoto wadogo zipunguzwe?

Mtoa mada: Wadau, naweka mada mezani. Sikukuu ikipita, nyumba yenye mtoto mdogo hubaki na rundo la midoli: gari lisilo na tairi, mafumbo yaliyopungua vipande, na kile kinachopiga kelele ambacho hakuna anayejua kinazimwaje. Nasema mtoto wa chini ya miaka 5 apewe zawadi 2, basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwaangalia watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 wakicheza, mara na vitu 4, mara na vitu 16. Vilipokuwa 4, walikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Matokeo yakachapishwa 2018. Wingi tunautaka sisi watu wazima, kila mmoja anataka zawadi yake ndiyo ionekane.

Mchangiaji wa 1: Napinga. Utafiti huo ulihusu vitu vilivyo mbele ya mtoto kwa wakati mmoja, haukusema anunuliwe vingapi. Nunua 10, mtolee 4, vingine vikae juu ya kabati, baada ya wiki mbili ubadilishe. Shida ni kupanga. Zawadi mnazionea bure.

Mchangiaji wa 2: Wanangu, mimi ni bibi na wajukuu wangu wako mbali. Wazazi wakishanunua hizo 2, mimi nije mikono mitupu? Mtoto ananijua kwa kile ninachomletea. Labda haipendezi, lakini ndivyo ilivyo kwa mtu anayeonekana mara moja kwa mwaka.

Mtoa mada: Shikamoo bibi. Basi wewe utangulie, sisi wazazi tujizuie. Tena sisi tunao mwaka mzima wa kumpa. Kuhusu kabati, nalo hujaa, na mtoto wa miaka 4 anajua vizuri kiti cha kupandia kiko wapi.

Mchangiaji wa 3: Mnabishania idadi, mimi naangalia kilichomo ndani. Midoli mingi ya kelele hutumia betri ndogo bapa za duara. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2 tu. Katika rundo la vitu 30, nani ataona kifuniko kimoja kimelegea? Halafu vipande vidogo vya kaka mtu vinachanganyika na vitu vya mdogo wake asiyetimiza miaka 3, ambaye kila kitu hukipeleka mdomoni. Hapo ndipo naungana na mtoa mada.

Mchangiaji wa 1: Hiyo ni hoja ya kukagua unachonunua. Kimoja kibovu kinatosha kuleta msiba hata kama umenunua 2.

Mchangiaji wa 3: Kweli, lakini 2 nitavikagua. Thelathini sivikagui, na wewe huvikagui.

Mchangiaji wa 2: Haya, mimi mwaka huu naleta vitabu na kalamu za rangi. Vitabu navyo mtavihesabu?