Bilirubini ya farasi wangu iko juu, nisaidieni

Wadau, farasi wangu jike hajagusa nyasi siku ya pili leo. Majibu ya damu: bilirubini (ile rangi ya njano inayosafishwa na ini) juu, chembe nyekundu nazo juu, asilimia 52 ya damu. Weupe wa macho una umanjano. Ndiyo ini limeharibika? Sijalala.

Jibu: Pole sana. Farasi asipokula, bilirubini hupanda hata ini likiwa zima. Angalia GGT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) na asidi za nyongo, hizo ndizo zitakwambia habari za ini.

Jibu: Alisumbua alipochomwa sindano? Farasi akishtuka, wengu hujikaza na kumwaga chembe nyekundu kwenye damu. Ila kukaukiwa maji nako hupandisha. Bana ngozi ya shingo, uiachie; ikichelewa kurudi, huenda amekaukiwa.

Alirusha mateke kweli! GGT ni ya kawaida. Lakini ngozi inarudi polepole, nampigia daktari sasa hivi.