Mnamuua Richard Harrison wa kauboi kwa kifo cha mwenye duka!

Wakuu, hili limezidi. Kurasa za "filamu za zamani" zinabandika picha ya Richard Harrison, kofia kichwani, bastola kiunoni, halafu chini: 1941–2018, apumzike kwa amani. Miaka hiyo si yake!

Aliyefariki Juni 25, 2018 ni Richard Benjamin Harrison, yule "Old Man" wa kipindi cha televisheni cha Pawn Stars, mwenye duka la rehani Las Vegas. Mwanajeshi mstaafu wa majini. Mwigizaji wa kauboi, yule wa kwenye picha, alizaliwa Mei 1935, Salt Lake City. Italia aliingilia kwenye filamu za wapiganaji wa Kirumi, na mwaka 1963 akacheza Duello nel Texas, mwaka mmoja kabla ya A Fistful of Dollars ya Clint Eastwood. Ndiye huyo anayesimuliwa kwamba aliikataa nafasi kuu ya A Fistful of Dollars akampendekeza Eastwood.

Msiniletee hoja ya sauti, eti haifanani kutoka filamu hadi filamu. Waitaliano enzi zile walipiga picha kwanza, sauti zikaingizwa baadaye studio, mara nyingi kwa kinywa cha mtu mwingine kabisa. Wala msiseme jina ni la bandia. Ni kweli mwigizaji Giuliano Gemma alijiita Montgomery Wood, mwenzake Gian Maria Volonté akawa John Wells, na Sergio Leone mwenyewe, mwongozaji wa A Fistful of Dollars, akajiandika Bob Robertson, ili filamu iuzike kama ya Kimarekani. Sasa Harrison ni Mmarekani tayari, ajibandike jina la Kimarekani la nini?

Na "mtoto wa Richard Harrison" si ushahidi pia. Kule dukani Rick, mtoto wa Old Man, ni Richard Kevin, na mjukuu Corey ni Richard Corey. Ukitafuta jina tupu unazoa ukoo mzima. Weka jina pamoja na 1935, au pamoja na filamu mojawapo, mfano El Rojo ya 1966. Ukiwa IMDb, tovuti ya orodha za filamu na waigizaji, nakili namba inayoanza na nm kwenye anwani ya ukurasa, maana kila mtu ana yake. Picha nayo itafute kinyumenyume, yaani pakia picha yenyewe kwenye mtambo wa kutafuta, uone ilitoka filamu gani kabla hujaibandika.

Kinachokera zaidi: mnaowaunganisha watu wawili ndio haohao mnaompasua mmoja, eti kuna Harrison wa kauboi na Harrison wa ninja. Ni yuleyule! Miaka ya 1980 alifanya kazi Hong Kong na mwongozaji Godfrey Ho. Vipande vyake vya ninja vikakatwakatwa na kuungwa kwenye filamu nyingine za Asia ambazo yeye hakushiriki kabisa, na kila moja ikatoka na jina lake. Ndiyo maana orodha yake imevimba hivyo. Kiraka kinajulikana: haonekani fremu moja na wahusika wa hadithi kuu, anaongea nao kwa simu tu. Katika Ninja Terminator (1985) simu yenyewe ina umbo la paka Garfield, na jamaa anaongea akiwa ameishikilia sikioni, uso mkavu kabisa. Mkiona hivyo, jueni hadithi kuu ni ya filamu nyingine.

Na wewe uliyeandika kwamba "alichoka na farasi akaenda kufungua duka la rehani", futa hiyo post leo. Imeshanakiliwa kila mahali.