Boila ya mvuke iliyofungwa vibaya: tuiengue, tuyapange upya mabomba, au tuing'oe kabisa?

MamaZuhura (Worcester, Massachusetts)

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoa pesa mara ya pili. Nyumba yetu ilijengwa mwaka 1926 na hupashwa joto kwa mvuke wa mfumo wa bomba moja, yaani bomba lile lile linalopeleka mvuke kwenye rejeta (vyuma vya kupashia joto vilivyomo vyumbani) ndilo linalorudisha maji mvuke ukishapoa. Boila ya zamani ilikufa mwezi Oktoba, na kampuni iliyofunga mpya ilimaliza kazi kwa siku moja, jambo ambalo wakati ule niliwasifia. Tangu baridi ianze, kila saa kumi alfajiri mabomba ya upande wa kushoto hugonga kana kwamba kuna mtu mwenye nyundo ndani ya ukuta, vali za kutolea hewa za rejeta mbili za juu hutema maji, na maji katika kioo cha kuonyeshea usawa wa maji ya boila hupanda na kushuka inchi tatu nzima moto unapowaka. Nilipolalamika, fundi wao alikuja akapandisha presha kutoka ratili 1.5 hadi ratili 5 kwa inchi ya mraba, na kelele zikazidi.

Sasa nina makadirio matatu mezani. Fundi wa kwanza anataka dola 600 kuiengua boila, yaani kuondoa mafuta yanayoelea juu ya maji yake, kushusha presha na kubadilisha vali za hewa. Wa pili anataka dola 3,800 kukata mabomba yote yaliyo karibu na boila na kuyapanga upya kwa chuma. Wa tatu anasema mvuke ni mambo ya kizamani, tuung'oe na kuweka pampu za joto za umeme, zinazovuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani, kwa dola 24,000. Kutoka kwenye boila linapanda bomba moja tu la shaba la inchi moja na nusu, linakwenda juu futi moja hivi, kisha linagota katikati ya kiungo cha T ambacho tawi lake moja linakwenda kushoto na jingine kulia. Boila ina tundu la pili la kutolea mvuke, lakini wameliziba kwa kizibo.

FundiMstaafu (Yonkers, New York)

Mwanangu, hilo tundu lililozibwa limenieleza karibu kila kitu. Nimefanya kazi ya mvuke miaka mingi, na mara nyingi nimeona boila nzima ikilaumiwa kwa makosa ya futi sita za bomba.

Fikiria maziwa yanayochemka katika sufuria pana, kisha uyafikirie katika birika lenye mdomo mwembamba. Maji ya boila yakichemka, mvuke hupanda pamoja na matone, na ukilazimishwa kupita katika bomba jembamba huenda kwa kasi kubwa kiasi cha kuyabeba matone hayo hadi juu. Ndiyo maana kijitabu cha mtengenezaji kina mchoro wa mabomba: mabomba ya kupanda hutoka kwenye boila, huingia katika bomba nene la mlalo ambalo liko angalau inchi 24 juu ya usawa wa maji, na humo mvuke hupunguza mwendo na maji huanguka. Mpangilio wa bomba hilo la mlalo nao una utaratibu wake. Yanatangulia mabomba ya kupanda kutoka kwenye boila, yanafuata yale yanayokwenda nyumbani, na mwisho kabisa ni bomba la kusawazisha, ambalo huyarudisha chini maji yaliyoanguka. Kwako bomba la mlalo halipo kabisa. Mvuke na maji vinagonga ukuta wa kile kiungo cha T, vinagawanyika ovyo, na maji yaliyorushwa kushoto ndiyo hayo yanayokuamsha alfajiri.

Shaba nayo ina kasoro yake. Ikipata joto hutanuka zaidi kuliko chuma, kwa karibu asilimia 40, na viungo vilivyochomelewa kwa risasi haviwezi kujizungusha kidogo kama viungo vya chuma vilivyokatwa thredi. Msukumo huo wote huishia kwenye mwili wa boila, ambao ni vipande vya chuma cha kusubu vilivyobanwa pamoja, na baada ya muda maungio ya vipande hivyo huanza kuvuja.

Presha irudishwe chini leo hii, iwashe kwenye nusu ratili na kuzima kwenye ratili 1.5. Mvuke uliosongamana chini ya presha kubwa husafiri polepole zaidi, na vali nyingi za hewa presha ikizidi ratili chache hubaki zimefunga hata zikishapoa. Mimi ningechagua njia ya pili.

Kipupwe78 (Lowell, Massachusetts)

Kwa heshima zote, mzee wangu, naona tunamtoza dada yetu dola 3,800 kabla hajajaribu za 600. Boila yangu ilipofungwa miaka minne iliyopita, maji katika kioo yalikuwa yakirukaruka vivyo hivyo na rejeta zilikuwa zikitema maji. Sababu ilikuwa mafuta tu: bomba jipya linapokatwa thredi hupakwa mafuta ya kukatia, nayo huishia kuelea juu ya maji ya boila, na povu lake hubebwa na mvuke. Niliengua mara mbili na kelele zikaisha.

Kuengua si kazi ngumu, ila inataka subira. Boila hupashwa hadi karibu ichemke bila kutoa mvuke, kizibo cha tundu la kuengulia lililo pembeni juu ya usawa wa maji hufunguliwa na kuunganishwa bomba fupi, kisha maji huongezwa polepole mno hadi yaanze kutoka kama uzi mnene wa penseli kuingia kwenye ndoo. Mimi nilikaa saa tatu kwenye besimenti na kigoda na thamosi ya chai. Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya maji ya ndoo, kama petroli kwenye dimbwi la barabarani, jua kwamba bado. Wengi hukosea kwa kumwaga maji kupitia bomba la chini. Mafuta yanaelea, kwa hiyo maji yote yakitoka kwa chini, mafuta hushuka nayo na kubaki yameganda kwenye kuta za chuma.

BintiWaPangani (Springfield, Massachusetts)

Naandika kwa upande wa njia ya tatu, kwa kuwa mimi nilihama kutoka mvuke kwenda pampu za joto na sijutii. Majira ya kiangazi zinapoza nyumba, jambo ambalo rejeta haiwezi, na hakuna tena moto wa gesi chini ya vyumba vya watoto. Hata hivyo, makadirio ya dada yasomwe kwa makini. Kwangu sanduku la umeme lilikuwa la ampea 100, ikabidi liwekwe la 200, na gharama hiyo haikuwamo katika bei ya kwanza. Bei ya umeme katika jimbo letu ni miongoni mwa za juu kabisa Marekani, hivyo wakati wa baridi kali bili yangu haikushuka kama nilivyoahidiwa. Je, haiwezekani zile rejeta zibakizwe na zipitishiwe maji moto badala ya mvuke?

FundiMstaafu

Kwa mfumo wa bomba moja haiwezekani kwa urahisi, binti yangu. Rejeta ya maji moto inahitaji mahali pa kuingilia na pa kutokea, na hizi zina bomba moja tu. Ungelazimika kupasua kuta zote. Tena mfumo wa maji huendeshwa kwa presha ya ratili 12 au zaidi, na viungo vilivyozoea ratili moja kwa takriban miaka mia vitaanza kutiririsha maji.

Kipupwe, sipingani nawe juu ya kuengua. Ulifaulu kwa sababu mabomba yako yalikuwa sahihi tangu mwanzo. Dada aanze na kuengua, kwani itamwonyesha ni sehemu gani ya tatizo inatokana na mafuta na ni ipi inatokana na mabomba.

Kabla hajalipa senti kwa njia yoyote, azipime pia rejeta zake. Kipande kimoja cha rejeta ya safu tatu yenye kimo cha inchi 38 huhesabiwa futi 5 za mraba za uso unaotoa joto, na kila futi ya mraba hutoa BTU 240 (kipimo cha joto) kwa saa. Jumla ilinganishwe na futi za mraba zilizoandikwa kwenye kibao cha boila; nafasi ya ziada ya kupashia mabomba imekwisha kuhesabiwa humo, kwa hiyo asiongeze kitu. Boila ikiwa kubwa mno, kupanga mabomba upya hakutaiponya, na hapo nitabadili ushauri wangu.

Aangalie pia kama kuna kitanzi cha Hartford. Bomba linalorudisha maji halipaswi kuingia moja kwa moja chini ya boila. Hupandishwa likaungana na bomba la kusawazisha inchi 2 hadi 4 chini ya usawa wa maji, ili likivuja, boila isikauke huku moto unawaka. Mpango huo ulienezwa na kampuni ya bima ya boila ya Hartford mwaka 1919, enzi ambazo boila zilizokauka zilikuwa zikiua watu.

MamaZuhura

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nimepima rejeta zote tisa: jumla ni futi 312 za mraba, na kibao cha boila kinasema 325. Kumbe boila yenyewe ni saizi yangu kabisa. Kitanzi cha Hartford hakipo. Bomba la kurudisha maji limechomekwa chini moja kwa moja.

Jumamosi tumeengua kwa saa nne. Nilifanya na jaribio nililofundishwa na fundi wa dola 600, la kuchemsha kikombe cha maji ya boila kwenye sufuria ndogo jikoni. Kabla ya kuengua yalitoka povu kama ya sabuni, na baadaye yakachemka bila povu. Presha imerudi chini na rejeta za juu hazitemi tena. Hata hivyo maji katika kioo bado yanacheza inchi mbili, na nyundo ya upande wa kushoto iko pale pale, saa kumi kamili.

Nilirudi kwa kampuni iliyofunga na kijitabu cha mtengenezaji nikiwa nimefungua ukurasa wa mchoro, nikawaomba wanionyeshe kazi yao iko wapi katika mchoro ule. Walinyamaza kidogo, kisha wakakubali kurudisha dola 1,900. Nitamtumia fundi wa pili, ambaye ana leseni na atachukua kibali cha jiji. Anakuja Jumanne na mabomba mawili ya kupanda.

FundiMstaafu

Marahaba. Mwambie asivalishe mabomba mapya sufi ya faibaglasi kabla boila haijawashwa mara kadhaa na viungo kukaguliwa, na yale makuukuu yenye vazi jeupe la zamani asiyaguse hadi lipimwe, maana huenda ni asbesto. Akimaliza, utaengua tena, pengine mara mbili, kwa kuwa kila thredi atakayoikata italeta mafuta yake. Usishtuke maji katika kioo yakirukaruka wiki ya kwanza.